Mstari wa Mia

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule amenipa daftari lenye jalada gumu na kuniagiza niandike humo maendeleo ya mradi kila wiki. Hilo nitaliandikia mafanikio. Hili langu la kurasa zinazochomoka nitaliandikia mengine.

Mradi wenyewe ni huu. Tumeletewa kompyuta kumi zilizokwisha kutumika kwingine na vihisi joto kumi, yaani vifimbo vya chuma vyenye waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta. Wanafunzi wa kidato cha pili wataandika programu wenyewe, programu itasoma joto kila baada ya sekunde kumi, na grafu itajichora kwenye skrini. Programu zitafundishwa na mwalimu wa kompyuta, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye wanafunzi wanamwita Waya kwa sababu mfukoni hakosi waya. Sayansi nitafundisha mimi. Nina miaka ishirini na miwili katika maabara hii na sijawahi kufundisha na mtu ubavuni. Mkuu aliniuliza kama nimekubali, nikasema nimekubali. Hakuniuliza kama nimefurahi.

Mimi wananiita Rula. Wanadhani sijui.

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Paa la maabara linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 7 Machi

Somo la kwanza. Dakika themanini, na sitini kati ya hizo zimeishia kutafuta soketi inayofanya kazi.

Jumanne, 12 Machi

Leo Waya amefundisha kitu kinachoitwa kitanzi, yaani programu kurudia kazi ileile mpaka iambiwe basi. Hakuwasha kompyuta. Alimsimamisha mtoto mmoja katikati ya darasa na kikombe cha maji ya moto, akamwambia: zunguka meza, gusa kikombe, taja joto, zunguka tena, mpaka maji yapoe. Mtoto alizunguka mara kumi na moja huku darasa zima likihesabu. Nilikuwa nyuma nimekunja mikono. Nilijitia hamnazo, lakini nilielewa.

Kisha msichana mmoja anayekaa dirishani akauliza: maji yasipopoa, nani atamwambia asimame? Wenzake wanamwita Kwa Nini, na jina limemkaa. Waya akafurahi kana kwamba amepewa zawadi, akaeleza mpaka kengele ikagonga. Mimi ningemwambia akae chini.

Ijumaa, 15 Machi

Umeme hakuna. Nimefundisha kwa chaki. Raha.

Jumatano, 20 Machi

Tumechemsha maji. Majiko kumi ya gesi, bika kumi, na wanafunzi arobaini wakitazama grafu zikipanda zenyewe kwa kelele za uwanjani. Nikiri jambo: hata mimi nilisogea. Mwaka jana jaribio hili lilikuwa mtoto mmoja kushika saa, wa pili kusoma kipimajoto, wa tatu kuandika na wa nne kusinzia. Leo hakusinzia mtu.

Halafu grafu zikalala, zote kumi, kwenye 95. Maji yanatokota, mvuke umejaa hadi madirisha hayaonyeshi nje, na skrini zinasema 95.1, 95.3, 95.2. Nikamwambia Waya vifaa vyake ni vibovu. Akauliza, vyote kumi? Nikamwambia vitu vya mtumba huharibika kwa ushirika. Hakucheka. Alitoka mvuani mpaka duka la vinywaji lililo ng'ambo ya barabara, akarudi na mfuko wa barafu, akavitumbukiza humo vifimbo vyote. Vikasoma sifuri, sifuri na nukta moja, sifuri na nukta mbili. Akanitazama. Nikamwambia kifaa kinaweza kuwa mkweli chini kikawa mwongo juu, hata watu wapo wa namna hiyo.

Kwa Nini akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini tusiandike tulichokiona?"

"Kwa sababu mtihani hausahihishwi kwa ulichokiona," nikamjibu. "Unasahihishwa kwa kilicho sahihi. Maji huchemka kwa mia. Kipo kitabuni."

Shuleni kwetu tuna neno letu, kusawazisha. Nililikuta nilipoajiriwa, nikafundishwa na mwalimu niliyerithi meza yake. Jaribio likikupa jibu la porini, unalirudisha barabarani kabla hujaandika. Kipimajoto cha zebaki kilikuwa kinasoma 95 tangu siku hizo, tukasema kimechoka. Kikanunuliwa kingine, nacho kikachoka. Wanafunzi wangu hawajawahi kukosa alama za swali la kuchemka, na ofisi ya elimu imewahi kunipongeza kwa barua.

Wakauliza watasawazishaje ndani ya programu. Waya akawa anakunja waya zake kimya, kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye sayansi, mwalimu." Basi nikawasomea mwenyewe mstari wa kuongeza: kama joto limepita 94, andika 100. Wakaandika wote bila kuuliza. Samaki mkunje angali mbichi.

Jumatatu, 25 Machi

Grafu nzuri. Zinapanda taratibu mpaka 94, kisha zinaruka ghafla mpaka 100 na kunyooka. Pana ngazi ndogo hapo juu ambayo maji ya kweli hayaipandi. Nimeiona. Nimeandika "Vizuri" kwenye madaftari arobaini.

Wanafunzi wameupa mstari ule jina. Wanauita mstari wa Rula.

Jumatano, 27 Machi

Mama mkwe analalamika tena. Alihamia kwetu Januari kutoka nyumbani kwake chini kwenye joto, na tangu hapo maharage ndiyo ugomvi wetu. Anasema kule yalikuwa yanaiva kwa saa mbili na hapa yanafika saa nne yangali magumu. Kwanza lawama ilikuwa ya mkaa, ikaja ya sufuria, na leo nadhani imefika kwangu. Baba watoto amejificha nyuma ya gazeti la wiki iliyopita.

Jumatano, 3 Aprili

Mkuu amekuja darasani. Amesimama nyuma ya kompyuta moja baada ya nyingine, akaona grafu kumi zinafanana, akasema hii ndiyo sayansi. Baadaye ofisini akaniambia mkuu wa idara anastaafu Juni na jina lililopelekwa ni langu. Nimetembea mpaka nyumbani mvuani bila kufungua mwavuli.

Jumatatu, 8 Aprili

Mtihani wa vitendo. Niandike vizuri uzito wake, maana huenda nikazeeka nikasahau. Kwa mtihani huu tunachagua nani aingie mkondo wa sayansi kidato cha tatu. Hamsini kwenda juu anaingia. Chini ya hamsini anakwenda mkondo mwingine, na hakuna kurudi: asiyesoma fizikia kidato cha tatu hataisoma tena shuleni. Udaktari, uuguzi, uhandisi, yote yanafungwa kwa karatasi moja ya dakika arobaini.

Waliingia kumi kumi, kila mmoja na kompyuta yake. Swali la kuchemka lina alama nane, kama miaka yote. Mwongozo wa kusahihisha ni uleule, nimebadilisha tarehe tu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemaliza kusahihisha. Thelathini na tisa wameandika 100. Mmoja ameandika 95.2. Sikuhitaji kutazama jina.

Nimempa sifuri katika nane. Jumla yake 46. Nimeandika alama zote kwenye fomu na fomu imekwenda kwa mkuu.

Ijumaa, 12 Aprili

Alikuja wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mwa chumba cha walimu mpaka nikamwita. Hakuwa analia. Ningependa awe analia, ningejua la kufanya.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hukuweka ule mstari."

"Niliuweka, kisha nikautoa."

"Kwa hiyo ulijua jibu ukaliacha."

"Niliujaribu kwanza," akasema. "Nilizima jiko maji yakiwa 94 na nusu. Yametulia kabisa, hata povu hayana. Programu ikasema mia. Sasa, mwalimu, kama inasema mia kwa maji ambayo hayajachemka, inapima nini?"

Nilimwambia aende darasani. Ndilo jibu la mwalimu aliyeishiwa. Wenzangu mezani walikuwa wanakunywa chai na hakuna aliyeinua kichwa, lakini masikio yalikuwa wazi.

Mchana nilimtafuta Waya, nikamuuliza tangu lini alijua. Akasema tangu siku ya barafu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema ana mwaka mmoja kazini na mimi nina ishirini na miwili. Nilitaka kumkasirikia. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mwaka mmoja niliona 95 kwenye kipimajoto, nikaandika 100, nikala chakula changu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeleta kompyuta na kifimbo kimoja nyumbani kinyume cha kanuni nilizoziandika mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana nikaweka sufuria ya maji jikoni. Nikaandika programu kwa mkono wangu, mara ya kwanza bila Waya. Ilikataa mara tatu kwa sababu ya mabano, mara ya nne ikakubali. Sikuweka mstari.

95.3. Nikamwaga, nikaanza upya kwa maji ya mvua. 95.2. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage yake. Akauliza hizo namba ni za nini. Nikamweleza kwamba maji ya hapa yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa sababu tuko juu na hewa ni nyepesi, na ya kwao chini yanachemka yakiwa na moto zaidi.

"Kwa hiyo maharage yangu hayana kosa," akasema.

"Hayana."

"Na mimi sina."

"Huna, mama."

"Tangu Januari nasema." Akaendelea kuchambua.

Kinachoniumiza si kwamba sikujua. Najua. Sura ya tisa nafundisha kila mwaka kwamba ukipanda juu kiwango cha kuchemka hushuka, na nachora mlima ubaoni na sufuria kileleni. Sura ya nne nafundisha kwamba maji huchemka kwa mia. Mlima wa sura ya tisa siku zote ulikuwa mlima wa watu wengine. Miaka ishirini na miwili nimesimama juu yake nikiwaambia watoto wasawazishe.

Nimekaa jikoni mpaka maji yakakauka. Nimeona aibu, na naandika hapa kwa sababu kwenye daftari la jalada gumu haina mahali pake.

Jumatatu, 15 Aprili

Niliingia kwa mkuu saa mbili asubuhi. Nikamwambia wote wamesahihishwa vibaya: aliyeandika kweli nimempa sifuri, na walioandika uongo nimewapa nane. Mkuu si mtu wa sayansi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama siwezi kumwongezea yule mmoja alama nane kimyakimya, awe 54, yaishe.

Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima. Ni rahisi, ni kalamu tu. Lakini hiyo nayo ni kusawazisha. Na wale thelathini na tisa wataondoka wakijua kwamba mstari wa Rula ndiyo sayansi. Nikasema mtihani urudiwe na wote, bila mstari.

"Fomu imeshakwenda ofisi ya elimu," akasema. "Kuirudisha ni lazima uandike sababu. Watauliza umewaambia watoto waandike mia kwa miaka mingapi."

"Ishirini na miwili."

"Utaandika hivyo?"

Nikamwambia nitaandika hivyo. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema la idara anadhani ninalielewa. Nikasema ninalielewa.

Jumatano, 17 Aprili

Barua imekwenda. Kurasa mbili. Rasimu ya kwanza ilisema "ilionekana kwamba vifaa", nikaichana. Ya pili ilisema "kwa mujibu wa utaratibu niliourithi", nayo nikaichana. Ya tatu inaanza: "Niliwaagiza mimi." Baba watoto ameisoma kabla haijafungwa. Akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu imekwenda umbali wa kutosha. Ndiyo faraja niliyopewa nyumbani.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kutwa. Jibu hakuna.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Jibu limekuja mchana kwa simu: turudie, matokeo yafike kabla ya tarehe ishirini na sita. La mwalimu husika litashughulikiwa baadaye. Mwalimu husika ni mimi.

Kipindi cha mwisho nikaingia darasani, nikawaambia wote arobaini kwamba nilikosea, na kwamba Jumatatu kila mtu aandike kile ambacho kifaa kimepima. Nilitegemea kelele. Wakatazamana. Mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani.

Jumanne, 23 Aprili

Siku mbili za kurudia zimekwisha, na nimechoka mpaka kope.

Jana asubuhi umeme ulikatika kundi la pili likiwa katikati. Betri za kompyuta hizi zinashika dakika ishirini na tano, mtihani ni arobaini. Waya alikimbia mpaka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akarudi na jenereta kwenye toroli, amelowa mpaka soksi. Ilinguruma nje ya dirisha mpaka jioni na moshi wake ukaingia wote ndani. Hakuna aliyelalamika.

Wanafunzi thelathini na saba wameandika 95 na nukta zake. Kwa Nini alikuwa kundi la tatu. Aliandika programu, akapima, kisha akafanya jambo ambalo halikuulizwa: alizima jiko, akaacha maji yapoe, akawasha tena na kupima upya, akaandika namba zote mbili. Hakuniangalia hata mara moja.

Watatu wameandika 100. Ni watatu wa mstari wa mbele, wale wanaofuta ubao kabla sijaomba, wanaoongoza darasa tangu kidato cha kwanza. Nikafungua programu zao moja baada ya nyingine. Mstari umo. Nikawaita pembeni, nikawauliza kwa upole wote nilionao kama hawakunisikia Ijumaa. Wakasema walinisikia. Sasa kwa nini mstari umo, nikauliza.

Yule mrefu ndiye aliyejibu. "Tulidhani unatupima, mwalimu. Kuona kama bado tunakutii."

Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakagonga meza. Hawa si wavivu wala si wadanganyifu. Hawa ndio walionisikiliza kuliko wote, na nilichowafundisha kimewaingia mpaka mfupani. Kama ningewapa sifuri ningekuwa nawaadhibu kwa kunisadiki. Nikawaambia warudie leo jioni, nami nikatoka nje, nikamwachia Waya asimamie, ili nisiwepo wa kutiiwa.

Wote watatu wameandika 95. Mmoja, Waya ananiambia, alilia wakati anaufuta mstari.

Ijumaa, 26 Aprili

Orodha imebandikwa saa nne. Kwa Nini ana 58. Ameingia.

Nilitegemea aje kushukuru, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia asinishukuru. Alikuja jioni, nikiwa nafunga madirisha ya maabara. Hakushukuru. Aliniuliza kama naweza kukumbuka mwanafunzi aliyefanya mtihani huu miaka minne iliyopita, akanitajia jina la dada yake. Nikafikiri, nikamwambia kweli simkumbuki. Nimefundisha watu zaidi ya elfu mbili.

"Naye aliandika 95," akasema. "Kwa kile kipimajoto cha zebaki. Wenzake walisawazisha, yeye akasema hawezi kuandika asichokiona. Alikosa mkondo wa sayansi kwa alama sita."

Nikasimama na komeo la dirisha mkononi. Swali lilikuwa la alama nane.

Nikamuuliza kama dada yake ndiye aliyemwambia autoe mstari. Akasema hapana. Dada yake alimwambia auache humohumo, aandike mia, aingie kwanza, mengine baadaye. "Nikashindwa," akasema.

Nikamuuliza dada yake yuko wapi sasa. Duka la vitambaa, mtaa wa nyuma ya posta. Anapima nguo.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda. Nilisema nitakwenda, mvua ikawa sababu. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda.

Duka ni jembamba, majora yamesimamishwa ukutani mpaka darini. Alikuwa anampimia mama mmoja kitambaa cha mapazia, mita sita, kwa fimbo ya mbao. Anaweka kidole penye alama, hakivuti kitambaa wala hakilegezi. Mama yule akaomba aongezewe shubiri moja ya bure. Akakataa kwa adabu. Nikasubiri mpaka mteja akatoka.

Nikamuuliza kama ananikumbuka.

"Nakukumbuka, mwalimu. Wewe ndiye hunikumbuki."

Nikamwambia nilichokuja kusema. Kwamba alipima sawasawa na mimi ndiye niliyekosea, na kwamba sikuja kuomba anisamehe haraka. Alisikiliza huku anakunja kitambaa. Nyuma ya meza mtoto wa miaka miwili alikuwa amelala juu ya mabaki ya nguo. Nikamwambia mtu anaweza kufanya mtihani wa sayansi kama mtahiniwa wa kujitegemea, umri si kizuizi, na kwamba Jumamosi nitafungua maabara kuanzia saa tatu, kila Jumamosi, mpaka mwisho wa mwaka. Akasema Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Nikasema naelewa. Akasema atafikiri.

Nilinunua mita mbili za kitambaa nisichokihitaji. Zilikuwa mita mbili kamili.

Jumamosi, 4 Mei

Nimefungua maabara saa tatu, nimefunga saa saba. Hakuja mtu. Nimefuta vumbi kwenye kompyuta zote kumi.

Jumatano, 8 Mei

Mkuu amenijulisha kwamba jina la mkuu wa idara limekuja, si langu. Nimesema sawa. Nilidhani itaniuma zaidi ya ilivyoniuma, ila imeniuma.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imekata tangu juzi.

Saa nne kasoro dada mtu alikuja. Kwa Nini alikuwa naye, kambeba mtoto. Dada alisema mwenye duka amempa ruhusa mpaka saa sita. Hakutaka maneno mengi. Aliuliza kifaa kiko wapi, nikamwonyesha, na mdogo wake akakaa ubavuni akimfundisha kitanzi, akimpokonya kibodi na kurudishiwa mkononi kofi dogo la dada. Mimi nilimshika mtoto. Alinilowesha bega.

Maji yakachemka. Skrini ikaandika 95.1, ikaandika tena, ikaandika tena. Aliitazama muda mrefu, mpaka bika ikabaki nusu. Kisha akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa karatasi yake ya mtihani. Juu kulikuwa na 44 kwa wino wangu mwekundu. Penye jibu lake la 95 nilikuwa nimechora mkasi wa kosa, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeandika neno moja: Uzembe.

"Mama alisoma hilo neno," akasema. "Alama hakuzielewa. Neno alilielewa. Mpaka leo akinikasirikia analitumia."

Nikachukua kalamu nilikate lile neno. Akaweka kidole juu yake.

"Usilifute. Andika chini yake, mama aone yote mawili."

Nikaandika: "Alipima sawasawa. Aliyekosea ni mwalimu." Nikaongeza alama nane, nikaandika 52. Karatasi ile haiwezi kubadilisha fomu yoyote mahali popote sasa, na sote watatu tulilijua hilo. Akaniambia nitie sahihi na tarehe. Nikatia, tarehe ya leo.

Akaisoma mara mbili. Akaikunja kwenye mikunjo yake, akairudisha kwenye pochi, akanyoosha mikono nimpe mtoto. Mlangoni akageuka, akauliza Jumamosi ijayo tunaanza na sura ya ngapi. Nikamwambia ya kwanza.